Mwaka wa Kuachana na Waya

Chiriiing'. Ndivyo ulivyolia ule waya uliozunguka uwanja wetu. Mpira ukiugonga ulipiga kelele mara moja ukanyamaza, lakini mgongo wa mtu ukiugonga ulitoa sauti ya chini, ya kukokota, ikakimbia mpaka kona ya mbali ya uwanja na kurudi tena, ukaisikia kwenye mbavu kabla haijafika masikioni. Mwezi uliopita Kaka Otieno alinitumia video. Nilikuwa jikoni kwangu Tanga, nachambua mchele, mguu juu ya kigoda, goti limefungwa kitambaa cha maji moto. Kwenye video kuna mafundi wenye kofia za njano, juu ya paa la jengo la maduka kule Guangzhou, wanakata waya vipande vipande. Sauti ya Otieno, nzito kuliko nilivyoizoea, inasema, "Geti, cheki. Wanabomoa kwetu." Kisha kipande kikubwa kikaanguka, kikalia. Nikaacha mchele. Mtu niliyecheza mpira wa kulipwa mpaka goti lenyewe likasema basi, nimezomewa na viwanja vizima, nimeshonwa nyuzi kwenye nyusi nikarudi mchezoni, nilikaa pale na sinia mapajani, moyo unanidunda kama wa yule msichana wa miaka ishirini ambaye hakuwa na kitu duniani ila ule waya nyuma yake.

Watu wakiniuliza nilianzaje, hutegemea nitaje shule ya mpira na kocha aliyeniona nikiwa mdogo. Mimi nimeanzia ndondo, mpira wa mitaani. Tena si ndondo ya mtaani kwetu. Ni ndondo ya wafanyabiashara, ugenini, juu ya paa. Nilifikaje huko sitakuchosha nako. Itoshe kwamba shule niliishia kidato cha pili, na mwaka ule nilikuwa mfunga mizigo wa Maman Godeliva, mama wa Bukavu aliyekuwa akinunua nguo na kuzipakia kontena kwenda kwao. Tulikaa mtaa wa Sanyuanli, hukohuko Guangzhou, chumba kimoja cha ghorofani ambacho ukuta wake sikuwahi kuuona, kwa sababu marobota yalipanda mpaka dari. Nililala kwenye uchochoro kati ya suruali za jinzi na nguo za watoto, na niliupenda uchochoro ule. Harufu ya nguo mpya, mkanda wa gundi ukivutwa kraa, kraa, tangu asubuhi, Maman akipika bukari, ugali wa kwao, na sombe, kisamvu cha kugandishwa, kwenye jiko la umeme lililowekwa juu ya robota, akigombana kwa simu na wakala wa mizigo kwa Kifaransa, Kiswahili na Kichina, zote kwa pumzi moja. Ukinyoosha mkono huku unagusa mzigo, ukinyoosha kule unagusa mzigo. Hakuna jambo lingeweza kukutokea kwa nyuma.

Maana mimi nilikuwa mwoga. Mchangamfu, ndiyo, mcheshi, naimba nikifunga mizigo, naota mchana kweupe. Lakini mwoga wa kuzaliwa. Nikivuka barabara namwona dereva ambaye hajatokea bado. Nikipanda lifti nasikia kamba ikikatika. Na ndoto niliyoipenda kuliko zote, niliyoizungusha kichwani kila siku kama pipi, ilikuwa ya jezi yenye jina langu mgongoni. Hata sikujua ingekuwa ya timu gani. Niliona jina tu, herufi nyeupe, zimeshonwa vizuri. Maman alinikamata siku moja najaribu kuandika kwa mkanda wa gundi mgongoni mwa fulana ya kuuza, akacheka mpaka akakaa chini. "Ma fille, ile fulana iko ya mteja! Utamwuzishia mutu wa Uvira jina yako?"

Timu yetu ya Jumapili iliitwa Kontena. Jina lilitokana na ugonjwa wake: kontena likifika ghala katikati ya mechi, nusu ya timu inaondoka kwenda kupakia na waliobaki wanaendelea hivyohivyo. Walikuwa Wakongo, Watanzania, na wanafunzi wachache wa Kenya, kepteni akiwa Otieno, aliyekuwa akisomea uhandisi na kuzungumza Kichina kama muuza mboga. Kazi yangu ilikuwa kushika simu na makoti ya watu. Halafu Jumapili moja beki wetu wa kati akaitwa kupakia, na Otieno akageuka huku na huku, hakuona mtu ila mimi na furushi langu la makoti.

"Siz, ingia. Simama pale tu."

"Nifanye nini, kaka?"

"Hakuna kitu. Hapa hakuna kuotea, hakuna laini-meni, hakuna chochote. Ukiona jamaa anakam, kaa naye. Akienda choo, mfuate choo."

Wakacheka. Nikaingia na ndala, nikavua ndala. Na hapo ikaonekana kwamba uoga wangu una kazi. Mshambuliaji anaota bao. Mimi nilikuwa naota balaa, na balaa nililiona mapema kuliko mtu yeyote kwenye uwanja ule. Nilijua jamaa atapita wapi kabla mwenyewe hajaamua. Nilirudi nyuma, nikarudi nyuma, mpaka kisigino kikagusa waya, chiriiing', nikajua sasa nyuma yangu hakuna kitu, kila kibaya kiko mbele na ninakiona. Hakupita mtu. Mechi ilipoisha Mkongo mmoja mnene, muuza vitenge, alinisimamia akihema, mikono kiunoni. "Huyu si mutoto wa kike," akawaambia wenzake, "huyu ni geti." Jina likabaki. Na yule beki wetu aliporudi kutoka ghala alikuta namba yake imekwenda.

Ninakueleza habari ya kuotea kwa sababu mwaka mzima ulikuja kuning'inia hapo. Kwenye uwanja mkubwa, pasi ikipigwa na mshambuliaji ameshawapita mabeki, kabaki yeye na kipa, ameotea. Kibendera juu, mchezo unasimama. Kwa hiyo mabeki wa uwanja mkubwa hawamkimbilii mshambuliaji kurudi nyuma. Wanapanda mbele wote kwa pamoja, mstari mmoja, wanamwacha peke yake kule nyuma aonekane mjinga. Lakini akibaki beki mmoja tu nyuma, hata kidogo, mtego umeharibika, na mshambuliaji ana haki ya kwenda kufunga. Kwenye paa letu sheria hiyo haikuwepo. Uwanja mdogo, refa ni yeyote aliyeumia mguu. Sisi beki mzuri alikuwa yule anayebaki.

Mwaka ulipokaribia kuisha walikuja wanawake. Timu ya kulipwa ya mji ule, ya daraja la chini, lakini ya kulipwa. Timu kama hizo hupenda kufanya mazoezi na wanaume wa mitaani ili wazoee kugongwa. Kocha Lin alikuwa mama mfupi mwenye chupa ya chai ya bati, na kila akitafakari alifungua kifuniko, akafunga, bila kunywa. Alikuja kutafuta wanaume, akakuta beki wao wa kati ni mwanamke, na mshambuliaji wake bora hakunipita hata mara moja. Kifuniko kikafunguliwa, kikafungwa. Akasema na Otieno. Otieno akanijia taratibu, macho yamemtoka.

"Geti. Anasema uende kwake. Majaribio, mwezi mmoja. Nafasi ya mgeni ni moja tu na wanatafuta beki."

"Unanitania."

"Wallahi manze, na mimi si Mwislamu."

Nilicheka, nikaruka, nikamkumbatia yule muuza vitenge mwenye jasho. Usiku wa siku ile sikumbuki; nakumbuka asubuhi yake, nilivyoamka kwenye uchochoro wangu nikaanza kupiga hesabu. Maman alikuwa anafunga biashara. Kontena lile lililokuwa likijazwa lilikuwa la mwisho, anarudi Bukavu kwa wajukuu. Ruhusa yangu ya kukaa ilikuwa inaisha pamoja na mwezi ule ule wa majaribio. Wakinichukua, klabu ingenitafutia nyingine. Wasiponichukua, ni ndege, na begi, na ile jezi ya kichwani nirudi nayo kichwani.

Sasa nikuambie uwanja mkubwa ulivyo kwa mtu aliyezoea waya. Nilisimama mahali pangu, nikarudi nyuma kidogo kisigino kitafute, kisipate. Nikarudi tena. Hakuna. Nikageuka: majani, majani, majani, na kule mbali mno kipa, A-Ling, mdogo kama kidole. Upepo ulinipiga mgongoni na nywele za shingo zikasimama. Nasema kweli, nimewahi kuogopa vitu vingi maishani, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa mahali patupu. Mpira ukachezwa nyuma kwa wapinzani. A-Ling akapiga ukelele, "Shang!", yaani pandeni. Wenzangu watatu wakapanda kama mlango unaofunguka. Mimi nikakimbia kurudi, kumfuata mshambuliaji, nimng'ang'anie kama nilivyofundishwa na paa. Pasi ikaja, kibendera kikatulia chini kwa ajili yangu mimi peke yangu, na mwenzake yule niliyemng'ang'ania akapita katikati akafunga. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu hata wapinzani walikuwa wanacheka. A-Ling alitoka golini, glovu kiunoni, akanitazama kama mtu anayetazama bidhaa ambayo picha yake ilikuwa nzuri.

Siku nyingi zikapita hivyo. Nilijua sheria; Otieno alinichorea, nikaielewa kuliko aliyeitunga. Mguu ndio haukuelewa. Bweni lilikuwa na vitanda vya juu na chini, tulikaa wanne, na chakula kilikuwa cha kutosha kulisha harusi: uji wa wali, mayai ya mvuke, samaki na tangawizi. Sikuweza kumeza. Siku moja mchana nimekaa peke yangu kwenye bwalo, nikamsikia Kocha Lin nyuma ya nguzo akizungumza na msaidizi wake. Kichina changu kilikuwa cha sokoni, na kwenye soko unajifunza kukataliwa kabla ya kukubaliwa. Nilisikia, "Bu yao. Bu yao." Sitaki, sitaki. Nikaweka kijiko chini. Mpaka leo sijui alikuwa anakataa nini, pengine pilipili. Lakini niliinuka nikaenda chooni, nikafunga mlango, nikakaa nimeegemea ukuta wa vigae, mgongo wote, mpaka baridi yake ikaniingia na moyo ukatulia. Ndivyo nilivyokuwa naishi: natafuta kuta. Kwenye basi nilikaa kiti cha nyuma kabisa. Bwenini nililala mgongo ukutani. Na kila mazoezi walinitoa kwenye kuta zote, wakanisimamisha katikati ya majani.

A-Ling ndiye aliyenionea huruma, au alichoka kufungwa mabao. Asubuhi moja ya mvua, mazoezi yamesimamishwa, alichukua lapa moja moja la kila mmoja wetu mlangoni, akayapanga kwenye korido. Malapa manne mstari mmoja. Nyuma yao akasimama mwenyewe, pekupeku, amejikunja kama kipa. Akayasukuma malapa mbele kwa mguu, moja akaliacha. Akalionyesha lile lililobaki, akanionyesha mimi. Nikaona aibu mpaka masikioni. Kisha akafanya kitu kingine. Akayasukuma yote manne, halafu akajipiga kifua chake, paa, paa, akanitazama. Hakuwa na maneno ya kuniambia na mimi sikuwa na masikio ya kuyasikia, lakini nilimwelewa. Nyuma yako nipo mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Mvua ilipokatika tukaenda uwanjani, nikarudi nyuma tena.

Jumapili ya mwisho nilienda Sanyuanli kumsaidia Maman kufunga. Nilifungua mlango nikashtuka. Marobota yalikuwa yameondoka karibu yote, na kwa mara ya kwanza nikaona ukuta wa chumba tulichoishi. Ulikuwa wa kijani. Chumba kikawa kikubwa, sauti zetu zikarudi kutugonga. Uchochoro wangu haukuwepo. Tulikaa sakafuni katikati ya nafasi ile na sahani ya bukari, na mimi badala ya kula nikalia.

"Banakufukuza?" Maman akauliza.

"Bado, Maman. Lakini watanifukuza. Wanataka nipande na mimi siwezi. Nikipanda naacha nyuma wazi. Akipita mtu je?"

"Akipita, anapita."

"Atafunga!"

"Sasa na weye ukibakia nyuma, hafungake?"

Akamega tonge, akalichovya, akanilisha kwa mkono wake kama mtoto mchanga, ingawa pua yangu ilikuwa inachuruzika. "Minakwambia, Hidaya. Mimi ninatumaka mizigo yangu yote baharini, siioni wiki na wiki. Nayo minaogopa. Kila mara. Nikibakia nimeikalia juu, itafika namna gani? Kula." Hakuniambia nisiogope. Nimekuja kuambiwa na watu wengi baadaye, wenye mafunzo yao, nisiogope, na haikunifaa kitu. Maman peke yake ndiye aliyeniacha niogope, akanipa na chakula.

Mechi ya kuamua ilikuwa ya kirafiki, timu nyingine ya kulipwa, uwanja wetu. Otieno alikuja, akakaa jukwaani na kitabu ambacho hakukifungua. Kwenye chumba cha kuvalia mikono yangu ilishindwa kufunga kamba za njumu. A-Ling akanifungia bila kunitazama. Tukaingia. Kipindi cha kwanza kilikwenda, nikiomba mpira usirudi kamwe kwa kiungo wao, na mwishowe ukarudi. "Shang!" Kisigino changu kilikuwa kimeshaanza kurudi. Sijui nini kilikizuia. Nikapanda. Nilipanda na macho nimeyafumba nusu, wenzangu wawili kulia na mmoja kushoto, mstari mmoja, na nikasikia pasi ikipita juu ya kichwa changu, vuuu, kwenda kule nilikokuacha. Nikamtazama mshika kibendera. Kibendera kilikuwa chini. Alikuwa amechelewa, au jua lilimpiga machoni. Mshambuliaji alikuwa ameotea kwa mwili mzima na kila mtu aliona ila yeye. Nikageuka, nikamwona anakwenda peke yake kwenye ile nafasi, ile ile niliyoiota kila usiku, A-Ling anatoka, anajirusha, na wavu unatikisika.

Balaa langu lilikuwa limekuja, na lilikuwa linafanana kabisa na nilivyolichora. Kocha Lin akafungua kifuniko cha chupa, akakifunga. A-Ling aliinuka na majani usoni, akaja moja kwa moja kwangu, nikafikiri atanipiga. Akanishika jezi ya mazoezi kifuani, akasema neno moja.

"Dui."

Neno hilo nililijua. Ni la sokoni. Ndilo Maman na muuzaji waliloambiana kikokotoo kikikubali. Sawa. Ndivyo. Nilikuwa sawa, na bao lilikuwa limeingia, na vyote viwili vilikuwa kweli kwa wakati mmoja. Kichwa changu kidogo kilipata taabu kulibeba jambo hilo.

Kipindi cha pili mpira ukarudi tena kwa kiungo yule yule. Akainua kichwa. Na sasa sikiliza: mara hii uoga haukuwa wa kufikirika. Nilikuwa nimekwishaona kinachotokea ukipanda. Kila mfupa wangu uliniambia rudi, katafute waya, waya uko pale nyuma, rudi. "Shang!" Nilitetemeka, meno yakagongana kabisa, nikapanda. Pasi ikapita. Sikugeuka. Nilisubiri kusikia wavu. Nikasikia filimbi, kibendera kiko juu.

Hakuna aliyeshangilia. Kuotea si bao. Mechi iliisha tumefungwa bao lile moja. Nilikuwa nakunja soksi nikijiandaa kwa habari mbaya Otieno alipokuja na Kocha Lin pembeni yake, anazungumza polepole ili atafsiriwe.

"Anasema ile ya kwanza uliyopanda hakuihesabu," Otieno akasema. "Mtu yeyote anaweza kupanda kama hajaungua. Alikuwa anangoja ya pili."

"Kwa hiyo?"

Otieno alijaribu kutocheka, akashindwa. "Kwa hiyo anauliza jezi yako iandikwe jina gani. Nimwambie Geti?"

Nikasema Hidaya. Nilitamka herufi kwa herufi, mara mbili, asikosee hata moja.

Wenzangu wakaenda kuoga, Otieno akaenda kumpigia Maman, taa za chumba cha kuvalia zikawa zinaonekana mbali kama duka la mtu mwingine. Nilibaki uwanjani peke yangu. Nikavua njumu, nikazishika mkononi. Nikaenda mpaka mstari wa katikati, nikaligeuzia goli letu mgongo, nikaanza kutembea kinyumenyume. Sikugeuza shingo. Majani yalikuwa na unyevu, baridi inapanda kwenye nyayo, na moyo ulikuwa unanienda mbio vilevile. Nilipita mahali niliposimama mwezi mzima nikitafuta ukuta. Nikapita pale alipopita yule mshambuliaji. Nikaendelea, nyuma, nyuma, kwenye nafasi yote ile niliyokuwa nikiiogopa, mpaka wavu ukanipokea mgongoni. Haukulia.